Jinsi ya kuandika historia ya marehemu bibi, ile ya kusomwa msibani, bila kukopi ya msiba uliopita

Kila ukoo una mtu mmoja ambae akishajulikana tu anaweza kutaipu kidogo, bas kazi ya kuandika historia ya marehemu ni yake maisha yote. Kama we ndo huyo mtu, na bibi amefariki jana, na mazishi ni keshokutwa saa nane mchana, na kamati imeshakwambia "ya kwako ni ile historia fupi", haya maelezo nimeandika kwa ajili yako. Nimeshaandika za kutosha, za ndugu na za majirani, na kiukweli ugonjwa ni ule ule kila msiba: mtu amekaa duniani miaka themanini na kitu, amezaa, amelima, ameuguza mume mpaka amemzika, amelea wajukuu ambao wazazi wao wako mjini wanatafuta maisha, alafu yote hayo yanaishia kwenye "marehemu alikuwa mcha Mungu, mpole, mkarimu na mchapakazi". Hiyo sentensi badilisha jina msomee mtu yeyote, hakuna atakaeshtuka.

Cha kwanza kabisa usikimbilie kompyuta. Chukua daftari na kalamu mbili uende jikoni. Simaanishi kwa mafumbo, nasema jikoni kweli, kule nyuma ya nyumba kwenye mafiga wanakopika ugali wa msiba. Baba wakubwa na baba wadogo waliokaa chini ya turubai watakupa habari za ukoo, nani alimzaa nani na shamba lilipakana na nani, ni nzuri nazo utazihitaji, ila habari za bibi mwenyewe ziko kwa wanawake waliokuwa wanateka nae maji. Wifi zake, shoga yake wa rika lake, mke mwenza kama yupo hai, yule mama wa jumuiya au wa chama cha kufa na kuzikana, ata binti aliekuwa anamsaidia kazi miaka ya mwisho, huyo anajua mengi kuliko watoto wa kuzaa na hakuna anaemuuliza. Msalimie vizuri ukae chini, usisimame na simu mkononi kama unafanya sensa. "Shikamoo bibi, pole na msiba, mi mjukuu wa marehemu kwa mtoto wa tatu, nimetumwa na familia niandike historia, naomba unisaidie pale alipoolewa akaja hapa." Ukiona kuna vitunguu vya kumenya, menya huku unasikiliza.

Na usiulize "alikuwa mtu wa namna gani?", maana jibu unalijua, alikuwa mtu wa watu. Uliza vitu. Alipokuja hapa nyumba ilikuwa ya nini, nyasi au bati? Maji mlikuwa mnateka wapi, na mlikuwa mnatoka saa ngapi? Alikuwa anauza nini sokoni na siku ya gulio ilikuwa ipi? Nani alimfundisha kushona? Ada ya mtoto wa kwanza ilitoka wapi? Kitu gani ukimfanyia anakasirika? Hili la mwisho watu wanaogopa kuuliza ila ndo linafungua mdomo, mtu anaanza kucheka msibani, "we, ole wako urudishe ungo wake haujakung'utwa", na hapo hapo bibi anaanza kuonekana kwenye daftari lako. Kama ndani kuna sanduku lake la bati muombe shangazi mkubwa alifungue, usilifungue mwenyewe. Mle utakuta cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki ya mtoto ambae sasa hivi ni mstaafu, kadi ya chama, risiti za ushirika za kahawa au pamba, na kanga ambazo hajawahi kuzivaa. Piga picha karatasi zote, rudisha kila kitu kilipokuwa, mbele ya shangazi.

Sasa tarehe, hapa ndo watu wanachanganyikiwa. Bibi zetu wengi waliozaliwa kijijini kabla ya Uhuru hawana cheti cha kuzaliwa, na ile tarehe ya kwenye kitambulisho cha taifa, cha NIDA, mara nyingi ni ya kukadiria tu siku ya kujiandikisha, ukikuta 1 Januari jiulize mara mbili. Wazee wenyewe hawahesabu kwa mwaka, wanahesabu kwa matukio, kwa hiyo kazi yako ni kujua matukio yana miaka gani. Akikwambia "baba yake alikuwa Keya akaenda Burma akamuacha anatambaa", hiyo ni Vita ya Pili ya Dunia, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni, ndo hao Keya) walipigana Burma kuanzia 1944 mpaka vita inaisha 1945, kwa hiyo bibi ni wa mwanzoni mwa miaka ya arobaini. "Tulisherehekea Uhuru nikiwa na mimba ya baba yako mkubwa", Desemba 1961, baba mkubwa ni wa 1962. "Tulihamishwa na mtoto mgongoni", operesheni ya vijiji vya ujamaa, kati ya 1973 na 1976 kwa sehemu nyingi. Mtoto alieanza darasa la kwanza na kundi la UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, hiyo ni 1977 au 1978. Mtoto aliezaliwa wanaume wameenda kumpiga Amin, mwisho wa 1978 au 1979. Msiba wa Sokoine, yule Waziri Mkuu, ni Aprili 1984, mvua za El Nino ni mwisho wa 1997 kuingia 1998, msiba wa Nyerere Oktoba 1999. Angalizo kuhusu njaa ya unga wa yanga, ule wa njano: kuna wanaomaanisha 1974 na 1975 na kuna wanaomaanisha mwanzoni mwa miaka ya themanini kwenye foleni za duka la kaya, muulize alikuwa ameshazaa wangapi wakati huo ndo utajua anaongelea ipi.

Kadi ya chama nayo inasaidia sana. Kama ni ya TANU bas aliipata kati ya 1954 na mwanzoni mwa 1977, kabla TANU na ASP ya Zanzibar hazijaungana kuwa CCM. Na kama alibatizwa, nenda parokiani au usharikani, vitabu vya ubatizo vya zamani vinatunzwa na mara nyingi vina majina ya wazazi na ya msimamizi, ila kumbuka wengine walibatizwa wakubwa, wiki moja kabla ya ndoa, kwa hiyo tarehe ya ubatizo sio ya kuzaliwa. Ukishindwa kabisa tumia mtoto wa kwanza: mwaka wake wa kuzaliwa, toa miaka ambayo wasichana wa huko walikuwa wanaolewa, wazee wenyewe watakwambia, upate makadirio. Alafu andika hivyo hivyo, "alizaliwa miaka ya arobaini mwanzoni" au "1941 kwa makadirio". Hakuna aibu. Aibu ni msalaba kusema 1938 na kijitabu cha ibada kusema 1943, watu wanasimama kaburini wanapiga hesabu badala ya kuomba, kwa hiyo ukishakubaliana mwaka na familia mpigie fundi wa msalaba hapo hapo.

Majina andika yote. Jina la ubatizo au la Kiislamu, jina la nyumbani alilopewa na bibi yake, jina la baba, na lile ambalo kijiji kizima kinamjua, Mama Nanii. Kuna majirani wamekaa nae miaka thelathini na siku ya mazishi ndo wanasikia jina lake kwa mara ya kwanza, wanaulizana kwa chini "kwani anazikwa nani?"

Kwenye ndoa ndo watu wanapenda kupita haraka, "aliolewa na Mzee fulani na kubarikiwa watoto tisa", bas, wakati kwa bibi wengi ndoa ndo maisha yenyewe. Walikutanaje? Nani alipeleka posa? Mahari ilikuwa nini, ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi, na je ililipwa ikaisha au babu alifariki bado anadaiwa? Hilo linachekesha watu mpaka wajomba. Alafu andika alichofanya, usiandike cheo. Ukisema "alikuwa mke mwema" umesema hewa, lakini ukiandika kwamba babu alikuwa anafanya kazi reli anakuja nyumbani mara mbili kwa mwaka na katikati hapo bibi ndo alikuwa anapanda, anavuna, anauza, anaamua nani aende shule na anajenga chumba cha tatu, alafu babu alipopooza upande mmoja bibi ndo alikuwa anamgeuza kitandani usiku na mchana miaka yote hiyo mpaka mwisho, hapo hauna haja ya neno "mwema", watu washaelewa. Na usimgeuze malaika. Kama walikuwa wanagombana kwa sauti kila mtu anajua, na waliohudhuria ni majirani, ukiandika hawakuwahi kukwaruzana ata siku moja watu wataanza kuangaliana na kuanzia hapo hawakuamini tena. Unaweza kuandika kwa adabu tu, "hakuwa mtu wa kunyamaza akiona kosa, na babu alikuwa wa kwanza kulijua hilo".

Mitala isikusumbue. Kama alikuwa mke wa pili andika mke wa pili, na mwenzake mtaje kwa heshima kwa jina lake, amekaa hapo mbele kwenye mkeka amevaa kaniki kama wengine.

Kazi. Tafadhali usiandike "alikuwa mama wa nyumbani" ukaweka nukta. Shamba la ekari tatu ni kazi. Pombe ya kienyeji iliyosomesha watoto ni kazi, na kama sasa familia ni walokole mtaongea mkubaliane, mi ningeiandika kwa sababu kuna mtu ana digrii kwa ajili ya mbege ile. Ukunga ni kazi, kuchuma karafuu au chai kwa kilo ni kazi, kusuka mikeka, kushona, kukaanga vitumbua. Angalia tofauti. Ya kwanza: "Marehemu alikuwa mchapakazi na alijitoa kwa ajili ya watoto wake." Ya pili: "Kila Alhamisi bibi alitoka saa kumi alfajiri na ndizi kichwani kwenda gulioni, akarudi saa nane na chumvi, mafuta ya taa na daftari moja. Lilikuwa moja kwa sababu pesa ilitosha moja, na watoto shuleni walikuwa watano, kwa hiyo walipokezana." Ya pili haina sifa ata moja lakini ndo itamliza baba yako mdogo ambae ni jeshi. Sheria yangu ni hii, kila sifa unayotaka kuandika itafutie siku moja iliyotokea kweli, na kama hauipati hiyo siku futa sifa.

Tukija kwenye orodha ya watoto, hapa nenda pole pole maana hapa ndo familia zinapasuka. Taja kwa mpangilio wa kuzaliwa, wote, pamoja na waliofariki, ata yule aliekufa akiwa na miezi minne, maana bibi alikuwa anamhesabu kila siku. Waliotangulia waandikie marehemu. Watoto aliowalea bila kuwazaa waweke pia, sio chini kabisa kwa herufi ndogo, kuna mtoto wa dada yake aliekuja ana miaka miwili na ndo huyo aliekuwa anamlipia dawa za presha. Wajukuu na vitukuu usikadirie, kila mtoto wa bibi akuletee hesabu ya nyumba yake kwa meseji, alafu ujumlishe mwenyewe, na kama ameacha vilembwe hesabu nao kivyao. Kutatokea jina ambalo hakuna anaelijua, mjukuu wa nje, mtoto wa marehemu baba mkubwa alieishi Mwanza. Usiliamue wewe. Mpelekee mzee wa ukoo pembeni, usiku, aseme yeye, na msimamo wowote atakaotoa ukumbuke kwamba kaburini sio mahali pa kutambulisha ndugu wapya. Tena rasimu usiitupe kwenye grupu la WhatsApp la ukoo lenye watu mia na kitu, kila mtu atahariri, mpaka asubuhi mna matoleo sita. Isome kwa sauti kwenye kikao cha familia usiku wa kabla ya mazishi, mbele ya mtoto mkubwa na shangazi, wakishasema sawa imefungwa.

Ugonjwa, mistari miwili mitatu inatosha. Tumezoea kusoma historia ambayo nusu yake ni kama faili la wodini, alianza kuumwa lini, akapelekwa wapi, akahamishiwa wapi, sukari ikapanda, akawekewa oksijeni. Bibi aliishi miaka themanini akaumwa miezi mitatu, hiyo miezi mitatu isile karatasi yote. Andika alikuwa anasumbuliwa na nini kama familia imeridhia kusema, alifariki lini, wapi, nani alikuwa nae. Na mambo ya kuwashukuru madaktari, kamati, waliochangia mafuta ya gari, hayo ni ya msemaji wa familia kwenye neno la shukrani, usiyachanganye.

Urefu: ukurasa mmoja na nusu wa A4, isizidi miwili. Isome kwa sauti ya pole pole ukiwa umewasha saa ya simu, ikizidi dakika saba kata. Muulize mchungaji au padre mapema historia inasomwa saa ngapi kwenye ratiba, sehemu nyingine ni nyumbani kabla ya kwenda kanisani, sehemu nyingine ni baada ya misa, na wengine hawataki hotuba kanisani kabisa. Printi herufi kubwa, saizi 16, nafasi ya kutosha kati ya mistari, nakala tatu kwa watu watatu tofauti. Usisome kwenye simu, jua la saa nane hauoni kitu na katikati ya "ameacha watoto" inaingia simu ya mtu wa turubai anadai hela yake. Msomaji awe mjukuu mwenye sauti, awe ameshaisoma mara kadhaa, na nyuma yake asimame mtu wa pili mwenye nakala ambae akiona mwenzake amekwama anaendelea tu bila kumsukuma. Neno "marehemu" tumia mwanzoni, baada ya hapo mwite bibi au mama, ukirudia marehemu kila mstari inakuwa ripoti ya polisi.

Kwa familia za Kiislamu mambo yanaenda tofauti, maziko mara nyingi ni siku hiyo hiyo, hakuna muda wa kukaa na kuandika na makaburini sio mahali pa hotuba. Kwa hiyo siku ya kwanza toa tanzia fupi tu ya kutuma kwenye magrupu, jina, mtaa, swala anayoswaliwa na msikiti, na makaburi gani. Historia yenyewe iandike taratibu isomwe siku ya hitma au arobaini, upande wa kina mama, na ni vizuri kumuuliza sheikh kwanza maana wapo wasiopenda maiti asifiwe sana. Mi naona ukiandika kwa matendo badala ya sifa wengi hawana shida, na kwa kweli zinazosomwa kwenye arobaini huwa nzuri zaidi kwa sababu aliyeandika alipata usingizi.

Picha ya kwenye kijitabu isiwe ile ya kitambulisho, hakuna bibi anaetoka vizuri mle. Tafuta ya harusi ya mtoto, ya kipaimara, ya Idi. Kama ni ya kwenye karatasi itoe kwenye fremu, ilaze karibu na dirisha mchana, zima flashi, piga kwa juu moja kwa moja, alafu itume kama dokumenti, ukiituma kama picha ya kawaida WhatsApp inaipunguza na mtu wa steshenari atakutolea ukungu.

Kwa ambao bibi bado yupo, fanya kabla. Rekodi sauti, simu yoyote inaweza. Wakati mzuri ni akiwa na kazi mikononi, anachambua mchele au anapukuchua mahindi, mkao wa mahojiano unamfanya aongee kama yuko ofisini kwa mkuu wa wilaya. Muombe ruhusa, mwambie unataka wajukuu wa baadae wamsikie, weka simu kwenye kiti pembeni sio usoni. Kama lugha yake ni Kichaga au Kihaya au Kisambaa mwache aongee hiyo hiyo, usimlazimishe Kiswahili, kutafsiri ni kazi ya baadae na kuna ndugu wa kuifanya. Dakika ishirini zinatosha kwa siku. Faili lipe jina la maana, bibi kuolewa, bibi njaa, bibi kuhamishwa, na umtumie binamu mmoja alieko mbali, ata kama yuko Muscat au Dallas, simu ikiibiwa kariakoo nakala ipo.

Baada ya mazishi kazi haijaisha. Siku ya kuanua matanga nenda na ile karatasi na kalamu, maana watakufuata mmoja mmoja, "mjukuu umesoma vizuri ila yule hakuwa wa tano alikuwa wa nne", "sio Alhamisi, gulio lilikuwa Jumamosi, Alhamisi lilianza baadae". Andika yote pembeni, yanayopingana muulize shangazi. Rekebisha, weka tarehe ya marekebisho chini, printi upya, moja iende kwa mtoto mkubwa, moja kwa shangazi, na moja irudi kwenye lile sanduku la bati pamoja na kadi zake, na faili lenyewe utume kwenye grupu likiwa PDF ili wasianze tena kuhariri.